Funda na Fundo

Mwaka wa kwanza ni funda.
Unapewa ziwa kwenye kikombe cha bati,
unalijaza kinywani, mashavu yanavimba,
kisha unapanda kutoka mchangani Kayenze
hadi motoni, juu kule mawe yalikopandana
kama ndugu wanaogombea kitanda kimoja.
Usimeze. Usiteme. Usiseme.
Ukifika unalitemea jivu, linalia tsss,
na Bi Kabula anakupigia fundo moja
kwenye ugwe wako wa katani.

(Maji yalikuwa yamechemshwa. Nesi Nyamizi
alisimama ufukweni na sufuria lake, akisema
heshima ni heshima, na kichocho ni kichocho.)

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, skafu ya kuazima,
soksi moja ya shule na nyingine ya kaka.
Nusu ya njia pimbi akapiga chafya juu ya jabali,
chafya ya mtu mzima, ya mjumbe wa nyumba kumi,
nikacheka kwa ndani,
na cheko likateremka na maji, gu!
Kulikuwa na giza. Mashavu nikayajaza upepo.
Motoni nikainama, nikatema mate kidogo.
Jivu likanisaidia uongo: tsss.
Bi Kabula akafunga.

Mwaka wa pili ni kukesha:
moto wako, peke yako, mpaka alfajiri,
na kule majini taa za wavua dagaa
zimepangana kama mji usio na mlango.
Wadudu wa ziwa walinijia kwa mawingu,
uji wa asubuhi ukawa na mabawa.
Lakini nilikesha. Hilo ni langu,
nalitambua kwa kidole hata usingizini.

Mwaka wa tatu ni kufunda.
Unakabidhiwa mtoto mgeni wa kambi
umfundishe kufunga na kufungua,
kuosha sufuria kwa mchanga,
kumlilia mama bila sauti.
Wangu alikuwa Musiba, wa Ukerewe,
aliyezaliwa juu ya nyavu.
Akanifundisha yeye.
Fundo nikapewa mimi.

Kisha ziwa likapanda, likalala mahali pa mahema yetu,
na mwaka huo kambi haikuwapo.

Wa nne hausimuliwi. Waliovuka hunyamaza.
Nilirudi nikiwa na ndevu saba, nilizihesabu.
Bi Kabula, ambaye siku nyingine zote
hutengeneza injini za mitumbwi pale Kirumba,
akaupitisha ugwe wangu kwenye vidole vyeusi vya oili
kama anayetafuta waya uliokatika.
Akauliza swali analomuuliza kila mtu:
"Lipi kati ya haya si lako?"

Wamalya alishajibu, yote ni yake.
Ng'walu alishajibu, yote ni yake.
Mimi kamba ilikuwa na matatu,
na kifua kilikuwa na la nne, la siku nyingi.
Nikasema: "La kwanza."

Hakuuliza kwa nini. Hakunisifu.
Alilishika kwa meno,
maana fundo la miaka yote hiyo huwa limeshakuwa mfupa,
likalegea, likaacha kikunjo.
"Nyamizi," akaita, "kikombe."

Basi niwazieni: futi sita kasoro kidogo,
beji zimejaa kwenye mkono wa shati,
kwenye mstari mmoja na watoto wa darasa la tano,
mashavu kama vibuyu, nikijikwaa mawe yaleyale.
Mbele yangu Mayunga, ananifika kifuani,
viatu vyake vinapiga makofi kila hatua.
Na palepale, kwenye jabali la pimbi,
kwa jambo ambalo sikulisikia,
mabega yake yakatetemeka.
Nikaona koo likipanda. Likashuka.
Akageuka, akanitazama.
Mashavu akayajaza upepo.

Nilikuwa na la kumwambia.
Kinywa kilikuwa kimejaa maji.